Vichwa Vitatu Ndani ya Duara

Mwaka 2007 nilipokea bahasha kwenye sanduku la posta, hapa Singida mjini. Ndani yake mlikuwa na CD ya Ubuntu, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Sikuwa nimelipa kitu. Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, aliyeanzisha mradi huo mwaka 2004, alikuwa akituma CD hizo popote duniani kwa yeyote aliyeziomba, na gharama ya posta ilikuwa juu yake. Huduma hiyo ilidumu hadi 2011, na ndiyo iliyowafikishia programu huria watu wengi wa rika langu waliokuwa mbali na intaneti ya maana.

Kompyuta ya kuiwekea sikuwa nayo. Kwa wiki kadhaa nilibaki na kasha tu, na kasha lenyewe nikalitazama mpaka nikalijua. Lilikuwa na rangi za udongo, kahawia na chungwa, kama mbuga zetu mwezi wa kumi kabla mvua haijanyesha. Juu yake kulikuwa na nembo: watu watatu wameshikana mikono, wanaonekana kwa juu, kama unavyowaona wacheza ngoma ukiwa umepanda juu ya mwamba. Mikono yao imefanya duara, vichwa vyao vimekuwa nukta tatu. Njano, chungwa, nyekundu. Neno lenyewe halikuhitaji mkalimani, kwa maana ubuntu wa Wazulu na Waxhosa ndio utu wetu. Mtu aliyekaa chini akawaza namna ya kuuchora utu, akaishia kwenye mikono na vichwa vitatu, kwangu alikuwa amefanya kazi kubwa kuliko waandishi wengi.

Leo mkate wangu unatokana na kuchora lebo. Ukipita barabara ya Dodoma kuja Singida utaona madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa kando ya lami, yanang'aa kwa jua. Baadhi ya lebo zilizobandikwa humo ni zangu. Nilijifunza kazi hii kwa kuwachungulia wenzangu wa mbali ambao sitakutana nao, wale wanaochora nembo za programu huria na kuzichora upya kila zinapozeeka. Kazi yao naiheshimu sana, na napenda kueleza kwa nini.

Nianze na neno. Nembo, kwa Kiswahili cha zamani, ni chale za usoni. Ilikuwa alama iliyochanjwa kwenye ngozi, inayomtambulisha mtu kwa watu wake. Haikufutika. Neno jirani yake ni chapa, na chapa hapa kwetu ni jambo la ng'ombe. Sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi na usajili wa mifugo ilitaka mifugo iwe na alama, na ilipofika 2017 zoezi la kupiga chapa likapita vijijini kwa kasi. Nilikwenda kutazama. Chuma kinawekwa motoni mpaka kinabadilika rangi, ng'ombe anabanwa, chuma kinagusa paja kwa muda mfupi tu, moshi na harufu ya manyoya, basi. Mafundi wa vyuma wenye uzoefu huacha mwanya pale mistari inapokutana. Ukiunganisha kona za herufi A kikamilifu, joto linajikusanya kwenye kona ile, ngozi inaungua kupita kiasi, na baada ya miezi mitatu huna herufi, una kovu. Ule mwanya mdogo, ambao mtu asiyejua angedhani ni kasoro ya uchomeleaji, ndio unaoifanya alama isomeke miaka kumi baadaye.

Siku ile nilirudi nyumbani nikalitazama tena duara la Ubuntu, na kwa mara ya kwanza nikaiona ile mianya mitatu kati ya mikono. Nilikuwa nimeitazama kwa miaka kumi.

Anayetaka kuelewa ugumu wa kuitunza mianya hiyo achukue daftari la hesabu, lile la miraba midogo. Alama inayokaa kwenye kichupo cha kivinjari, pale juu kabisa, ina pikseli 16 kwa 16. Hesabu miraba 16 kwenda kulia na 16 kwenda chini: una vyumba 256 tu. Sasa weka humo watu watatu walioshikana mikono. Mkono ukiwa mnene wa vyumba viwili, mwanya chumba kimoja, kichwa vyumba vitatu, tayari umebanwa. Vichwa vikikaa nje ya duara, vinakula nafasi ya pembeni na duara lazima lisinyae. Ukisinyaza duara, mianya inaziba. Mianya ikiziba, watu wamekwisha, umebakiwa na gurudumu. Nilijaribu mara nyingi kwa penseli, na kila mara nilipata gurudumu.

Wenye Ubuntu wameichora upya nembo yao mara mbili kubwa. Mwaka 2010 waliachana na kahawia, wakaleta chungwa kali na zambarau nzito ya bilinganya, na zile rangi tatu za watu zikaondoka. Duara likawa jeupe tupu juu ya kisahani cha chungwa. Mimi, nakiri, nilisikitika. Rangi za udongo zilikuwa zetu. Lakini nilipoanza kuchapisha lebo kwenye mashine ya rangi moja nikaelewa: nembo inayotegemea rangi tatu ili isomeke inakufa ikipita kwenye mashine ya nukushi, kwenye muhuri wa mpira, kwenye fulana ya bei rahisi. Kabla ya kuipa rangi, nembo ithibitike kwanza kwa wino mmoja. Wale watu walikuwa wamefanya mtihani ule, nami nilikuwa bado.

Mwaka huo huo waliagiza na fonti yao wenyewe, iliyochorwa na Dalton Maag wa London. Tazama neno lenyewe, ubuntu, kwa herufi ndogo: u ziko tatu, na n ni u iliyopinduliwa. Neno la herufi sita, nne kati yake ni umbo moja. Mchoraji wa herufi akiliona hilo anajua kwamba akiipatia ile u amepata karibu neno zima, na akiikosea kosa litajirudia mara nne. Kwa hiyo waliondoa kile kijimkia kinachotoka pembeni mwa u na n kwenye fonti nyingi, wakaacha mstari unaoinama kwa ulaini bila kukwaruza. Ukisoma haraka huoni kitu. Unaona tu kwamba neno limetulia.

Kisha ikaja 2022. Hapo ndipo ninapopapenda zaidi. Baada ya miaka 18, vichwa vitatu ambavyo siku zote vilikaa nje ya duara viliingizwa ndani. Wachoraji walieleza kwamba watu sasa wanatazamana na wameungana zaidi. Fikiri mwenyewe: mtu akishika mikono ya wenzake wawili na kuinama mbele, kichwa chake kinaingia kwenye duara. Ndivyo watu wanavyokaa wanaposikiliza. Kwa miaka yote ile tulikuwa tukiwatazama watu walioegemea nyuma, na hakuna aliyelalamika, maana hakuna aliyejua kuna njia nyingine. Badiliko lenyewe ni la kusogeza nukta tatu. Mtu anaweza kulifanya kwa dakika moja. Kulifikia, ndiyo miaka 18.

Ndiyo maana siwaelewi wanaouliza kwa nini mchoro mdogo hivi unachukua miezi. Kwenye kompyuta, mstari uliopinda haushikiliwi kwa mkono. Unashikiliwa na nukta, na kila nukta ina mikono miwili isiyoonekana kwenye mchoro uliokamilika, inayouvuta mstari uelekee huku au kule. Hesabu zake zilitokana na viwanda vya magari vya Ufaransa, kwa Paul de Casteljau wa Citroën na Pierre Bézier wa Renault, waliotaka kuieleza mashine jinsi bati la gari linavyopinda. Anayeanza hutumia nukta nyingi, kwa hofu. Kila anapoona mstari umekwenda kombo, anaongeza nukta. Mstari unakuwa na vinundu kama kamba iliyokatika ikafungwa fundo mara nyingi. Fundi aliyekomaa hufuta. Anabaki na nukta chache, kila moja imekaa pale mpindo unapogeuka, na mikono yake imenyooka sawasawa. Duara zima huchorwa kwa nukta nne.

Kuna mambo mengine ambayo rula haiwezi kukusaidia. Duara na mraba vyenye kipimo kimoja haviwi na ukubwa mmoja machoni, duara huonekana dogo, kwa hiyo mchoraji hulizidisha kidogo. Mstari mweupe juu ya rangi nzito huonekana mnene kuliko mstari mweusi wa upana uleule juu ya karatasi nyeupe, kwa hiyo nembo inayokaa kwenye skrini ya usiku na ya mchana huchorwa mara mbili, ya usiku ikipunguzwa unene. Mtu anayepima kwa rula atasema fundi amekosea. Fundi hupima kwa jicho la mtazamaji.

Uzuri mwingine wa programu huria ni kwamba kazi hii yote iko wazi. Nembo nyingi huhifadhiwa kwa mtindo wa SVG, ambao umekuwa kiwango rasmi tangu 2001, na faili hilo ni maandishi matupu. Lifungue kwa programu ya kuandikia barua na utaona herufi na tarakimu: M maana yake nenda mahali fulani, C maana yake pinda, Z maana yake funga njia. Unausoma mkono wa mchoraji kama unavyosoma hati ya mtu. Mimi nilijifunza hivyo. Hakuna chuo kilichonifundisha kwamba mchoraji wa nembo ya lugha ya programu ya Python, Tim Parkin, mwaka 2006 alichora nyoka mmoja tu. Wa pili ni yuleyule aliyezungushwa nusu mzunguko, mmoja bluu na mwingine njano. Nililigundua nilipoligeuza faili, na mchana ule sikufanya kazi nyingine.

Nembo ya Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, nayo ina somo lake. Zamani ilikuwa alama za kujumlisha na kutoa, jambo ambalo mwenye programu analielewa na mpita njia halimsemeshi. Mwaka 2012 Jason Long akaleta mraba uliosimama kwenye kona, ndani yake njia inayogawanyika ikiwa na nukta tatu, ambayo ndiyo kazi ya Git yenyewe, kuachanisha matawi ya kazi na kuyakutanisha. Kuna pia Wilber, yule mnyama wa GIMP, programu ya kuhariri picha, mwenye brashi mdomoni. Alichorwa na Tuomas Kuosmanen mwaka 1997, na GIMP 3.0 ilipotoka Machi 2025 alikuwa amechorwa upya na Aryeom, vivuli vimepungua, sura imerahisishwa, na bado ukimwona unamwita kwa jina. Hicho ndicho kipimo changu. Ukimchora upya mtu, mama yake amtambue.

Watu wa soka wa mkoa huu wanajua uchungu wa kutotambua. Mwaka 2023 Singida Big Stars ikawa Singida Fountain Gate, na mwaka 2024 Ihefu iliyohamia kwetu ikawa Singida Black Stars. Shabiki mwenye jezi za miaka hiyo sandukuni ana nembo tofauti kwa mapenzi yaleyale. Simlaumu yeyote, mpira una hesabu zake. Lakini kila nembo inapobadilishwa kuna mtu mahali fulani ambaye ameishona kwenye begi, ameibandika kwenye kompyuta, ameichora kwenye ukuta wa chumba. Katika mradi wa programu huria mtu huyo ana sauti, kwa sababu kazi ni ya wote. Mwaka 2016 Mozilla, wenye kivinjari cha Firefox, waliamua kutengeneza nembo mpya hadharani pamoja na studio ya Johnson Banks ya Uingereza, wakaonyesha michoro ambayo haijaiva na kuwaachia watu waiseme. Maoni yalimiminika, mengine makali. Mchoraji anayeweza kusoma mamia ya watu wakiiponda kazi yake, kisha akachukua katika yale yote maoni mawili ya kweli na kurudi mezani, ana moyo ambao mimi bado nautafuta. Mteja mmoja tu akisema lebo haijampendeza nakosa usingizi.

Na umiliki wa nembo si jambo jepesi hata pale programu yenyewe inapokuwa ya wote. Msimbo wa Firefox ulikuwa huru, lakini nembo yake ilikuwa na masharti, na watu wa Debian, mfumo mwingine huria wa kompyuta, hawakuweza kuyakubali. Tangu 2006 hadi 2016 walitoa kivinjari kilekile kwa jina jingine, Iceweasel, na kwa picha nyingine. Miaka kumi, kwa sababu ya mchoro wa mbweha. Asiyejua uzito wa nembo aanzie hapo.

Nimesema sana kuhusu nembo, na tovuti ni kazi yenye jasho zaidi. Nembo ni uso, tovuti ni nyumba, na nyumba ina wakazi. Anayeijenga upya tovuti ya mradi huanza kwa kuhesabu vilivyomo: kurasa zipi zinasomwa, zipi zimekufa, njia zipi za zamani watu wamezihifadhi. Kazi ya kiungwana kuliko zote, isiyosifiwa na mtu, ni kuhakikisha kila anwani ya zamani bado inafika mahali. Mwalimu aliyeiandika anwani ile kwenye daftari miaka sita iliyopita asikute mlango umezibwa.

Tovuti ya Git iliyotoka mwaka uleule wa 2012 inanifurahisha kwa kitu kimoja. Unapofika, imekwishatambua kompyuta yako ni ya aina gani, na kitufe cha kupakua kinachokuja mbele ni kile kinachokufaa wewe. Mgeni anapokelewa kabla hajabisha hodi.

Lakini kipimo changu cha tovuti ni jua la Singida. Saa saba mchana, simu mkononi, bando linahesabika. Viwango vya kimataifa vinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na kipo kizazi cha wachoraji kinachopenda kijivu chepesi juu ya nyeupe, ambacho ofisini kinapendeza na huku kwetu hakisomeki. Tena kuna uzito. Nembo yangu ya dumu nilipoihifadhi kama picha ilikuwa nzito mara nyingi kuliko ilipokuwa mchoro wa SVG. Katika zahanati za Mkalama, Iramba na Itigi takwimu za vitabu vya MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, huishia kwenye DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mtunza takwimu wa halmashauri akifungua ukurasa mzito mwishoni mwa mwezi, anayechelewa ni yeye. Mchoraji aliyepunguza picha tatu za mapambo kwenye ukurasa amemsaidia mtu ambaye hatamjua.

Kuna na suala la lugha yetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa KiLinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayosema Kiswahili. Waliofanya kazi ile walikutana na tatizo ambalo kila mchoraji wa kurasa anapaswa kulijua: maneno yetu ni marefu. Kitufe kilichotengenezewa neno la Kiingereza la herufi nne sasa kinatakiwa kibebe "Hifadhi", herufi saba. Penye herufi tano panaingia "Chapisha", nane. Mchoraji aliyepima kitufe kwa lugha yake peke yake anatukata maneno, na "Mipangilio" inabaki "Mipangi" ikifuatiwa na nukta tatu. Aliyeacha nafasi, ametukaribisha. Nikiingia kwenye tovuti mpya jambo la kwanza ninaloangalia ni nafasi iliyobaki pembeni mwa maneno.

Lile kasha la CD ninalo bado, limechakaa kwenye mikunjo. Nembo ya kwanza ya alizeti niliyochora ilikuwa na petali zote, mbegu zote, na jua nyuma yake. Kwenye kifuniko cha dumu ilionekana kama doa la mafuta. Ya sasa ina petali nane na mianya kati yake, na mama anayeuza kando ya barabara aliniambia anaiona dumu likiwa ng'ambo ya lami.

Inkscape, programu ninayoitumia kuchora, haina malipo, na miradi ya programu huria ina waandishi wengi wa msimbo na wachoraji wachache. Kijana wa Ikungi, wa Manyoni, wa Kiomboi, ukipata kompyuta hata ya kuazima, ipakue usiku bando likiwa rahisi. Tafuta faili la nembo ya Ubuntu, lifungue, bonyeza lile duara mara mbili, kisha uzihesabu nukta zake.